Tukiwa Wateja wa Mungu: Tafakari Kutoka Karatu na Ngorongoro



Wapendwa wasomaji, sisi mafrateri tunaotoka Karatu na Ngorongoro, tunaporudi nyumbani kwa likizo, maparoko wetu hututuma kutembelea familia, hasa zile ambazo hazijaonekana kanisani kwa muda mrefu. Katika matembezi hayo kuna maneno tumeyasikia mara nyingi, na tumeona vema tuyatafakari pamoja nanyi. Mama mmoja alituambia, "Wanangu, mimi sijaacha kumwamini Mungu. Nimehamia kule kwa sababu huduma yao ni nzuri." Kijana mmoja akasema, "Nilijaribu pale miezi mitatu, sikuona matokeo." Mzee mwingine alicheka na kusema kwamba siku hizi makanisa ni kama maduka ya simu: ukikosa unachotaka upande huu, unavuka barabara.

Hakuna kati yao aliyesema kwa dharau. Walisema kwa utulivu, kama watu wanaoeleza jambo la kawaida. Lakini yasikilizeni maneno yenyewe: huduma, kujaribu, matokeo, kuhama. Hayo ni maneno ya mteja. Ndipo tukajiuliza: je, dini imekuwa bidhaa? Na kama imekuwa, sisi tunaojiandaa kwa upadri tunaandaliwa kuwa nini? Wauzaji?

Anayeijua Karatu hatashangaa kwamba lugha ya soko imeingia hata kanisani. Mji wetu umekua kandokando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro, na wengi wetu tumesomeshwa kwa fedha ya soko. Ada zetu zimetoka kwenye vitunguu vya Mang'ola, kahawa ya Oldeani, ng'ombe waliouzwa mnadani, na mishahara ya baba na kaka zetu wanaoendesha magari ya watalii au kupika hotelini. Siku ya mnada utawaona Wairaqw, Wamaasai, Wabarbaig na wageni kutoka mbali wakisukumana penye mitumba, mbuzi, sufuria na nyama choma. Si mbali na hapo, spika za mkutano wa injili zinatangaza kufunguliwa kwa vifungo, na pembeni yake yupo mwenye meza ya mafuta, maji ya chupa na vitambaa vilivyoombewa. Macho ya mnunuzi hayaoni tofauti kubwa kati ya meza hii na ile.

Hatusemi soko ni baya. Soko linafundisha mambo ambayo hata seminarini yanahitajika: kuamka mapema, kutimiza ahadi, kumsikiliza mtu anayesimama mbele yako. Linafundisha pia ubaya wa kupunja. Mkulima wa vitunguu anajua uchungu wa lumbesa, pale mnunuzi anapodai gunia lishindiliwe na kuongezewa kichwa juu, huku bei ikibaki ya gunia moja. Kwa hiyo watu wetu wanapoipima dini kwa macho ya soko, wanatumia akili ileile iliyowasaidia kuishi.

Wala ulinganisho huu si mpya. Mwaka 1776 Adam Smith, Mskoti anayehesabiwa kuwa baba wa elimu ya uchumi, aliandika kwamba wahubiri wanaotegemea michango ya waamini wao huwa na bidii kuliko makleri wenye mapato ya uhakika. Mwaka 1967 mwanasosholojia Peter Berger alieleza kwamba mahali penye dini nyingi hakuna dini inayoweza tena kumshurutisha mtu. Kila moja hulazimika kujitangaza, na mapokeo ya kale huanza kutafuta wanunuzi kama bidhaa nyingine.

Tukiwa wakweli, kuna jambo ambalo ulinganisho huu unalieleza vizuri. Yule mama aliyesifu huduma alikuwa amelazwa wiki tatu. Waliofika kumwona wodini, wakamletea uji na kumwombea kwa jina lake, walikuwa majirani wa kanisa lingine. Jumuiya yake mwenyewe haikufika. Ukimwambia mama huyo kwamba amelisaliti Kanisa la mitume, atakusikiliza kwa heshima, halafu Jumapili atakwenda kwa waliomletea uji. Mwenye duka akipoteza mteja hujiuliza sababu. Mchungaji anayepoteza kondoo na kuishia kumlaumu kondoo amezidiwa na mwenye duka.

Lakini ulinganisho huu una mpaka wake, na sisi wa Ngorongoro tuliuona mpaka huo kwa macho. Mwaka 2011 kijiji cha Samunge, Loliondo, kilijulikana Afrika Mashariki nzima. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyeitwa na wengi Babu wa Loliondo, alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto dawa ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja kilitolewa kwa shilingi 500, na ilisemekana kinaponya kisukari, saratani, hata Ukimwi. Sharti lilikuwa ukinywe palepale Samunge, kutoka mkononi mwake. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Walikuja maskini waliouza mbuzi wao, walikuja wakubwa wa serikali, walikuja watu wa Kenya na wa nchi za mbali, wengine kwa helikopta. Wagonjwa wengine walikata roho wakiwa foleni. Madaktari walionya watu wasiache dawa za hospitali. Baadaye wakatokea wengine wenye vikombe vyao Mbeya, Tabora na kwingineko, kama inavyotokea sokoni bidhaa moja ikishika.

Mzee huyo alifariki Julai 30, 2021, na hatuandiki haya ili kumhukumu. Bei yake ilikuwa ndogo, na waliopata fedha nyingi zaidi ni wenye magari na wenye vibanda vya chakula na maji. Tunachotaka kukiona ni wale waliokwenda. Hakuna anayesafiri siku mbili juu ya mawe na vumbi akiwa amelala kwenye turubai kwa sababu ya upumbavu. Walikwenda kwa sababu walikuwa na maumivu, na kwa sababu hospitali na makanisa yao hayakuwa yamewapa neno la kuwatosha. Hiyo ni kiu ya kweli.

Hata hivyo, tazameni kikombe chenyewe kilivyofanya kazi. Kipimo kimoja kwa kila mtu, bei moja, safari moja. Ukishakunywa, umemaliza. Hakuna aliyekuuliza habari za jirani uliyegombana naye, wala mali uliyodhulumu, wala aliyelala nyuma yako kwenye foleni. Aliyerudi nyumbani bila kupona alirudi peke yake, na wauzaji wa maji walikuwa wameshahamia penye foleni nyingine. Hapo ndipo mpaka wa soko ulipo. Bidhaa inaahidi matokeo. Matokeo yasipokuja, uhusiano umekwisha. Imani yetu ina Msalaba katikati yake. Ijumaa Kuu, kwa macho ya mteja, ni siku ambayo bidhaa ilishindwa kazi, na karibu wateja wote waliondoka. Waliobaki pale chini walikuwa Mama, mwanafunzi mmoja na wanawake wachache. Hawakuwa wakingoja matokeo. Walibaki kwa sababu walimpenda.

Tusipoufundisha mpaka huu, watu wanapoteza zaidi ya fedha. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Walikuwa watu wa ibada, wenye kiu ileile ya waliokwenda Samunge.

Katika Loliondo hiyohiyo, miaka 45 kabla ya kikombe, mmisionari mmoja aliukabili mtihani huu kutoka upande wa pili. Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alitazama misheni yake na kuona shule nzuri, hospitali na urafiki mkubwa na Wamaasai. Watoto walisoma, wagonjwa walitibiwa, wazee walimkaribisha maziwa. Lakini hakuona mtu mzima wa Kimaasai aliyeishi imani, na waliobatizwa shuleni waliiacha walipomaliza. Kwa lugha yetu ya leo tungesema misheni ilikuwa na wateja wengi wa huduma zake bila kuwa na waamini. Mwezi Mei 1966 alimwandikia askofu wake akiomba ruhusa ya kuacha hayo yote kwa muda, aende kwenye boma zao kuzungumza nao habari za Mungu tu, mikono mitupu. Habari hizo alizisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1978, ambacho hadi leo kinasomwa katika vyuo vingi vya kimisionari.

Tunajifunza mambo mawili kwake. La kwanza ni kwamba hakuwa na kitu cha kupunguza bei. Jumuiya moja ilimsikiliza, ikajadiliana, ikamwambia hapana. Aliumia, lakini aliheshimu jibu lao. Muuzaji angerudi kesho na nyongeza, angewaahidi kisima au zahanati. Padre Donovan aliona kwamba Injili isiyoweza kukataliwa haijapokelewa kwa uhuru bado.

La pili alifundishwa na mzee wa boma. Baada ya mwaka wa mafundisho, padre alitaka kuchagua wa kubatizwa: huyu amehudhuria vizuri, yule mvivu, huyu hajaelewa. Mzee Ndangoya alimzuia. Alimweleza kwamba boma haligawanywi hivyo. Wavivu wamebebwa na wenye bidii, na wasioelewa wamesaidiwa na wenye akili, kwa hiyo kama boma limeamini, limeamini lote. Tunapolisoma jibu hilo tunaona kwamba mzee huyu wa Ngorongoro aliona jambo ambalo mteja hawezi kuliona. Mteja hununua peke yake, kwa mahitaji yake, kwa fedha yake. Mwamini hupokea pamoja na wengine, na mara nyingine huamini kwa nguvu ya wengine wakati yake imekwisha.

Tusije tukasema basi shule na hospitali ni chambo. Hospitali ya Endulen, iliyo ndani ya hifadhi chini ya Jimbo Kuu la Arusha, inamtibu mama mjamzito bila kumuuliza amebatizwa wapi. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Tendo la huruma likidai malipo ya ubatizo, limegeuka kuwa biashara. Likitolewa bure, linamhubiri Kristo hata kama hakuna neno lililosemwa.

Sasa tuingie ndani ya nyumba yetu wenyewe, kwa sababu ni rahisi kunyoosha kidole kwenye meza za mafuta. Katika kigango kimoja ambacho hatutakitaja, tulifika msibani kwa mzee aliyebatizwa tangu utotoni. Jambo la kwanza kuulizwa na viongozi lilikuwa kadi yake ya zaka. Binti wa marehemu aliingia ndani, akatoka na kadi za miaka mingi zimefungwa kwa uzi. Zote zilijazwa isipokuwa za miaka miwili ya mwisho, miaka ambayo mzee alikuwa kitandani. Mjadala ulichukua karibu saa nzima, wengine wakisema utaratibu ni utaratibu, na jeneza likiwa chini ya mti. Binti alisimama na kadi mkononi, hajui azirudishe ndani au aendelee kuzishika.

Ndipo mwalimu wa dini, katekista wa siku nyingi, akaomba nafasi. Alisema, "Ndugu zangu, sisi tulimdai baba huyu zaka. Na yeye je, hakutudai? Kwa miaka miwili, ni nani kati yetu aliyemwita padre amletee Komunyo?" Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti wa jumuiya alivua kofia, akamwambia binti, "Mwanangu, weka hizo kadi. Tunaomba utusamehe." Mazishi yakaendelea, na mzee alisomewa sala zote za Kanisa.

Hatukatai zaka. Kutegemeza Kanisa ni mojawapo ya amri za Kanisa, na Kanuni ya 222 inawakumbusha waamini wajibu huo. Paa la kanisa haliezekwi kwa sala tupu, na hata sisi seminarini tunakula ugali uliotoka kwenye sadaka za watu. Lakini Kanisa lenyewe limeweka uzio. Kanuni ya 848 inasema mhudumu asidai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka halali, na ahakikishe maskini hakosi sakramenti kwa ajili ya umaskini wake. Kanuni ya 947 inataka sadaka za Misa zisiwe hata na sura ya biashara. Mwezi Machi 2018 Baba Mtakatifu Fransisko aliwakumbusha waamini kwamba Misa hailipiwi: unaweza kutoa sadaka ukipenda, lakini sadaka ya Kristo ni ya bure.

Kanisa halikuziweka kanuni hizi kwa kubahatisha. Tangu siku za mitume, Simoni mchawi alipomtolea Petro fedha ili auziwe uwezo wa Roho Mtakatifu (Mdo 8), ugonjwa huu umekuwa ukirudi. Katika karne ya 16 rehema zilitembezwa Ulaya na watu waliokusanya fedha kama madalali. Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, ulifuta kazi ya wakusanyaji hao, na mwaka 1567 Papa Pius V akafuta rehema zote zilizoambatana na malipo. Kwa hiyo meza ya mafuta iliyo barabarani Karatu ina ndugu yake katika historia yetu. Anayejua historia hiyo atazungumza na jirani yake kwa unyenyekevu.

Kuna jambo moja tunaloliona Jumapili ambalo linatufundisha vizuri kuliko vitabu. Baada ya Misa, vitu vilivyotolewa kama sadaka, kuku, mayai, mahindi, mkungu wa ndizi, hunadiwa pale nje. Ni mnada kweli, una dalali na una kelele. Lakini sheria zake ni kinyume na za mnada wa mjini. Kule kila mnunuzi anataka kushusha bei. Hapa watu wanashindana kuipandisha. Mtu ananunua kuku kwa bei ya kuku watatu, kisha anamkabidhi mjane aliyesimama nyuma, na watu wanapiga vigelegele. Mjane mwenyewe huenda alileta mayai mawili asubuhi hiyohiyo. Hakuna mchumi atakayesema biashara hiyo ina faida, lakini kila mmoja anaondoka na furaha. Vitu ni vilevile na fedha ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba watu wale wanajuana kama ndugu.

Tofauti hii inaonekana pia huko juu Ngorongoro. Mtalii hulipa kiingilio, huteremka bonde la kreta, huwaona simba na faru, hupiga picha, na jioni amerudi hotelini. Hana kosa, amekuja kwa ajili hiyo. Mfugaji anakaa na mifugo katika ardhi hiyohiyo mvua ikinyesha na isiponyesha. Anamjua ng'ombe kwa rangi na kwa mama yake. Mwaka wa ukame hamuulizi Mungu marejesho ya kiingilio. Anatafuta maji pamoja na wenzake. Kuna Wakristo watalii, na kuna mapadre watalii pia, wanaopenda parokia zenye mandhari nzuri na kuzikwepa zenye vumbi. Sisi tulio katika malezi tunapaswa kujiuliza mapema tunajiandaa kuwa nani kati ya hao wawili.

Basi, ndugu zetu waamini, tunawaomba jambo moja. Kabla ya kuuliza kanisa gani lina huduma nzuri, mwangalie nani katika jumuiya yenu hajapata huduma kutoka kwenu. Aliyelazwa, aliyefiwa, kijana aliyerudi kutoka mjini bila kazi: mwendeeni wiki hii, na msimpelekee kadi ya michango. Na aliyehamia kwingine msimpite barabarani kama mdaiwa sugu. Msalimieni, mmuulize habari za watoto.

Nanyi ndugu zetu seminaristi, tujifunze kumsikiliza anayesema "sikuona matokeo." Nyuma ya neno hilo mara nyingi kuna mtoto mgonjwa, ndoa inayovunjika, au shamba lililokauka. Tusimpe ahadi ambayo Kristo hakuitoa ili tu asihame, wala tusimfukuze kwa hoja. Tukae naye. Yule kijana wa miezi mitatu bado hajarudi kanisani, lakini tulipomuaga alituuliza tutarudi lini, na tumemwahidi kwamba likizo ijayo tutapitia kwake kwanza.

Mwenyezi Mungu, anayewaita wenye kiu waje hata kama hawana fedha (Isa 55), azibariki familia zenu.